Uzi: Mtambo wa kuchoma taka kupata umeme Mombasa. Ripoti inayopelekwa NEMA (mamlaka ya taifa ya mazingira) tuisome vipi kabla ya mkutano wa umma?

#1 Mkaazi_Kisauni

Assalam aleikum wanajukwaa. Hili suala la kuchoma taka zetu zitoe umeme halifi. Kila msimu linakuja na picha nzuri ya jengo lenye bustani mbele. Ikifika siku ya mkutano wa umma wananchi huuliza ajira na harufu, soda zikagawiwa, watu wakatawanyika. Uzi huu nataka uwe wa nambari. Tuchukulie mtambo wa kufikirika: tani 500 kwa siku, ahadi ya megawati 30, mahali ni Mwakirunge penye dampo. Ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira unayo mkononi. Unaanza kuifungua wapi?

#2 Karani_wa_Leseni

Waalaikum salaam. Kabla ya kuifungua, jua nani anatoa leseni gani, maana kauli ya "leseni tunayo" hutolewa bila kutaja ni ipi.

Taka ni za Kaunti. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeipa kaunti kazi ya kuzoa na kutupa. Ruhusa ya kujenga pia ni ya Kaunti, chini ya sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya 2019. Leseni ya tathmini ni ya NEMA chini ya EMCA, sheria ya mazingira ya 1999, na inatakiwa kabla msingi haujachimbwa. NEMA hiyo hiyo ndiyo yenye leseni ya kuendesha kituo cha taka na ya kutoa moshi hewani, kwa hiyo kwa NEMA peke yake usitegemee karatasi moja. Umeme ni EPRA (mamlaka ya kawi), Sheria ya Kawi ya 2019. Maji ya boila yakitoka kisimani au mtoni, kuna kibali cha mamlaka ya rasilimali za maji. Boila na winchi ni za idara ya usalama kazini. Ikiwa ni ubia na Kaunti, inaingia Sheria ya Ubia ya 2021.

Sheria moja ya kuchoma taka kupata umeme usiitafute. Meno yako kwenye masharti yanayoambatanishwa na leseni ya NEMA, na masharti hayo huandikwa kutokana na yaliyomo kwenye ripoti na kwenye maoni ya umma. Kwa hiyo ukisimama mkutanoni usiseme "tunaomba mazingira yalindwe". Sema: "Iandikwe kwamba taka haziingizwi tanurini joto likiwa chini ya nyuzi 850." Sentensi ya kwanza itashukuriwa, ya pili italazimu kujibiwa. Na ipeleke kwa maandishi pia, ndani ya muda uliotajwa kwenye tangazo, upigiwe muhuri nakala yako.

#3 FundiBoila

Mimi naanza na megawati, kwa sababu ukurasa huo unakamatika kwa kalkuleta ya simu.

Tani 500 ni kilo 500,000. Taka zikiwa na joto la megajuli 7 kwa kilo, ni megajuli milioni 3.5 kwa siku. Gawa kwa sekunde 86,400 za siku nzima, unapata megawati 40 na nusu za joto. Mtambo wa mvuke wa ukubwa huu hugeuza kama asilimia 22 ya joto hilo kuwa umeme, yaani karibu megawati 9. Toa asilimia 12 hadi 15 zinazoliwa na feni, pampu na winchi za mtambo wenyewe. Kwenye gridi zinaingia 7 na nusu hadi 8.

Sasa igeuze. Megawati 30 gawa kwa 0.22 ni 136 za joto. Zizidishe kwa sekunde za siku, ugawe kwa kilo zile 500,000: megajuli 23.6 kwa kilo. Hayo ni makaa ya mawe, si taka za Majengo na Bombolulu. Anayeahidi 30 ama anahitaji taka zaidi ya mara tatu ya hizo, ama atachoma kitu kingine, ama hesabu hakupiga. Aulizwe ni ipi kati ya hizo tatu.

#4 Mkaazi_Kisauni

Na hizo megajuli 7 umezipata wapi sheikh?

#5 FundiBoila

Mwongozo wa Benki ya Dunia wa 1999 kuhusu uchomaji wa taka za miji. Wastani wa mwaka usipungue megajuli 7, na msimu wowote ule usishuke chini ya 6. Msimu wowote, yaani na masika imo. Ripoti yenye sampuli za wiki moja ya Januari tu haijajibu swali hili hata kidogo.

Hesabu yenyewe ni fupi. Chukua sehemu inayoungua (baada ya kutoa maji na majivu), zidisha kwa 20. Kisha toa sehemu ya maji mara 2.445, ambayo ni joto linaloliwa na kuyageuza maji kuwa mvuke. Mfano: maji asilimia 55, majivu 20, kinachoungua 25.

0.25 × 20 − 0.55 × 2.445 = megajuli 3.7 kwa kilo.

Hizo haziungui zenyewe. Ili ufike 7, maji yateremke mpaka 40 na kinachoungua kiongezeke mpaka 40. Kipimo cha haraka ni pembetatu ya Tanner: taka hujiwasha bila msaada zikiwa na maji chini ya asilimia 50, majivu chini ya 60, na kinachoungua zaidi ya 25. Sharti moja likikosekana, tanuri linaishi kwa dizeli.

Na maji si ya mvua tu. Tazama lori linalotoka soko la Kongowea: kabeji zilizooza, maganda ya ndizi, matikiti yaliyopasuka, maji yanachuruzika njia nzima mpaka dampo. Ongeza pampasi. Ongeza makumbi ya madafu mabichi, ambayo kwa uzito ni maji kuliko nyuzi. Upande wa majivu kuna mchanga: anayefagia uwanja Mombasa anafagia mchanga, na mchanga hauungui.

#6 Mama_Mboji_Likoni

Basi taka za soko zitolewe, ziende kwenye mboji. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 imeshasema taka zitenganishwe zinakotoka, zinazooza mbali na zisizooza, na kaunti ziwe na vituo vya kuchambulia. Tanuri litapata kavu, shamba litapata mboji. Kuna ubaya gani?

#7 FundiBoila

Hakuna ubaya Mama, ila piga hesabu mpaka mwisho. Katika zile tani 500 (maji 275, majivu 100, kinachoungua 125) toa tani 200 za kuoza, zenye maji asilimia 75 na majivu 7. Zimebaki 300: maji asilimia 42, majivu 29, kinachoungua 30. Joto limepanda kutoka 3.7 mpaka 4.9. Bado halitoshi. Kulipandisha lifike 6 kwa dizeli ni zaidi ya lita 9,000 kwa siku. Kila siku.

Chekecha mchanga utoke, tuseme tani 40. Zimebaki 260, joto 5.7. Hapo mtu atanibishia, na atakuwa na haki, kwamba ukishatoa chakula fungu la plastiki limeongezeka, kwa hiyo ile 20 ya kuzidishia iwe kama 23. Sawa, tunafika 6.7. Sasa tanuri linafanya kazi, ijapokuwa ile 7 ya wastani bado. Lakini tazama kilichobaki: tani 260 tu ndizo zinazoungua, na umeme ni megawati 4.4 kabla ya kutoa unaoliwa na mtambo wenyewe.

Na ile 23 inategemea plastiki na makaratasi yabaki ndani. Waokotaji wakichambua chupa na katoni kama wanavyofanya leo, inarudi 20 au chini yake. Mtambo na mchakataji wanagombea mfuko mmoja, na sheria ya 2022 inamtanguliza mchakataji.

#8 Hesabu_za_Kaunti

Fundi, hapo umegusa pabaya kuliko moshi. Mkataba wa mitambo hii huwa na kifungu cha leta taka au lipa. Kaunti inaahidi tani fulani kwa siku kwa miaka 20 au 25, na zisipofika inalipa kana kwamba zimefika. Mkopo wa mwekezaji umesimama juu ya kifungu hicho, kwa hiyo hakiachi kirahisi.

Sasa kaunti iliyoahidi tani 500 ina sababu gani ya kutenganisha taka? Kila tani ya mboji ni tani ya kulipiwa faini. Kifungu hiki hakimo kwenye ripoti ya mazingira, kimo kwenye mkataba wa ubia. Ombeni rasimu yake kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu. Someni mambo haya: kiasi kilichoahidiwa, kama taka zilizotengwa kwa sheria zinahesabiwa kuwa zimeletwa, nani analipa taka zikija na maji kupita kiwango, na ada ya kila tani inayopokelewa mlangoni. Kaunti ikiambiwa ada ni sifuri kwa sababu "umeme utalipa", rudini kwenye post #7 muone umeme wenyewe ni kiasi gani.

Mzani uwe kwenye lango, wa Kaunti, na karani wa Kaunti. Mzani wa mwekezaji peke yake haufai. Taka zinalipiwa kwa uzito, na maji yana uzito.

#9 Nyali_Msomaji

Tuongee moshi basi. Watu wanataka kujua dayoksini, hizo sumu za moshi wa taka.

#10 Dohani

Kenya imeridhia Mkataba wa Stockholm tangu 2004, na dayoksini zimo kwenye orodha ya sumu ambazo nchi inatakiwa kuzipunguza kwa mbinu bora zilizopo. Kipimo kinachonukuliwa na kila muuza mitambo ni cha Umoja wa Ulaya, agizo namba 2010/75. Wakikinukuu, washikilieni nacho chote, si mstari mmoja:

Moshi ukae nyuzi 850 au zaidi kwa sekunde 2 baada ya hewa ya mwisho kuingizwa. Kama taka hatari zenye zaidi ya asilimia 1 ya klorini ya kikaboni zimo, nyuzi 1,100. Dayoksini zisizidi nanogramu 0.1 kwa mita moja ya ujazo. Vumbi miligramu 10 kwa wastani wa siku, asidi hidrokloriki 10, monoksidi ya kaboni 50, zebaki 0.05. Na tanuri liwe na kufuli la kujiendesha: joto likishuka chini ya kiwango, au vipimo vya moshi vikipita, kilishio (mdomo wa kuingizia taka) kinajifunga chenyewe bila kusubiri mtu.

Lakini kuteketeza dayoksini tanurini ni nusu ya kazi. Moshi ukipoa hujiunda upya, kati ya nyuzi 450 na 200 hivi, mahali penye vumbi, shaba na klorini. Kwa hiyo moshi unapitishwa eneo hilo upesi, boila isiachwe na masizi mazito, kisha unapuliziwa chokaa (kwa asidi) na unga wa kaboni (kwa dayoksini na zebaki) kabla ya vichujio vya mifuko. Ripoti itaje kilo za kaboni na chokaa kwa kila tani ya taka, na akiba ya siku ngapi itakuwa ghalani. Kaboni ni ya kununua. Mwenye mtambo akibanwa na pesa ndicho kitu cha kwanza kupunguzwa, kwa sababu moshi hautabadilika rangi. Sharti zuri ni risiti za kaboni ziingie kwenye ukaguzi wa kila mwaka.

Sasa mtego ambao wengi hawauoni. Vipimo vyote hivyo ni kwa moshi mkavu wenye oksijeni asilimia 11. Mtu akiingiza hewa nyingi dohani, vumbi linazimuliwa na nambari inashuka bila chochote kusafishwa. Kulirekebisha: zidisha kipimo kwa 10, gawa kwa (21 toa oksijeni iliyopimwa). Umeletewa karatasi inasema vumbi miligramu 6, oksijeni asilimia 17? Ni 6 × 10 ÷ 4 = 15. Kiwango kimepitwa na karatasi inakuonyesha umefaulu. Ripoti ya moshi isiyotaja oksijeni irudishwe.

#11 Nyali_Msomaji

Zinapimwa kila mara?

#12 Dohani

Vumbi, monoksidi, asidi, oksidi za nitrojeni, joto na oksijeni hupimwa mfululizo na mashine iliyofungwa dohani. Dayoksini na metali nzito haziko hivyo: kwa utaratibu wa Ulaya ni mara mbili kwa mwaka, na kila miezi mitatu katika mwaka wa kwanza. Sampuli ya dayoksini huchukuliwa kwa saa 6 hadi 8, na siku hiyo mwenye mtambo anaijua, kwa hiyo atachoma taka nzuri. Dawa yake ni kuomba rekodi za mfululizo za monoksidi na joto za mwezi mzima. Monoksidi ikiruka ruka, moto haukuwa mzuri, na siku hizo ndizo ambazo dayoksini hazikupimwa.

Na hesabu ya pepo. Ramani ya mtawanyiko wa moshi itumie data ya mwaka mzima. Kusi inaupeleka upande wa kaskazini, kaskazi inaurudisha kusini magharibi, kisha usiku kuna upepo mwepesi wa kutoka bara. Ramani ya msimu mmoja inaficha nusu ya majirani.

#13 Kibarani_Zamani

Jamani mnatisha watu. Dampo linafuka moshi usiku na mchana, halina kichujio wala karani wa mzani. Mtambo wowote ni afadhali kuliko hivyo.

#14 Dohani

Kwamba dampo linaloungua ni baya hakuna anayebisha. Lakini "mtambo wowote" ndilo neno lisilopita. Mwongozo wa UNEP wa 2013 wa kukadiria dayoksini unaupa moto wa dampo mikrogramu 300 hewani kwa kila tani inayoungua. Mtambo wa kisasa wenye usafishaji kamili, 0.5. Tanuri duni lisilo na kisafisha moshi, 3,500. Yaani tanuri baya ni zaidi ya mara kumi ya dampo linaloungua. Tofauti yote iko kwenye vile vichujio, kaboni na kufuli la kilishio.

Na leseni peke yake si kinga. Kesi ya Owino Uhuru, kule Mikindani, ilihusu kiwanda cha kuyeyusha risasi. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3, na NEMA ilikuwa miongoni mwa waliopatikana na makosa.

#15 FundiBoila

Naongeza kitu ambacho ripoti hukipitia juu juu: stima ikipotea. Gridi ikianguka, mtambo unakatika nayo, lakini taka zilizo kwenye wavu wa moto zinaendelea kuungua. Feni ya kuvuta moshi ikisimama, moshi unatokea kila penye upenyo, na pampu ya maji ya boila ikisimama, mirija inaungua. Kwa hiyo waonyeshe jenereta ya dharura inayobeba feni hiyo na pampu hiyo, na inachukua sekunde ngapi kuwaka. Waonyeshe pia kama mtambo unaweza kujiendesha wenyewe umekatwa na gridi, mvuke wa ziada ukipozwa bila kuzungusha jenereta.

Kisha kuwasha upya. Vichujio vya mifuko havipendi moshi wa baridi wenye unyevu. Chokaa inagandamana na mifuko inaziba. Kwa hiyo wengi huweka njia ya pembeni, moshi upite bila kuchujwa mpaka joto lipande. Saa hizo chache za kuwasha zinaweza kutoa dayoksini nyingi kuliko wiki za kazi ya kawaida. Sharti: mtambo uwashwe kwa dizeli tupu mpaka 850, taka ndipo ziingie, na njia ya pembeni ama isiwepo, ama mlango wake uwe na kihesabu kinachoandika kila ulipofunguliwa na kwa dakika ngapi. Ulaya inaruhusu kuendelea kuchoma huku vipimo vimepita kwa saa 4 mfululizo tu, na jumla ya saa 60 kwa mwaka.

Halafu chumvi. Mabaki ya vyakula na plastiki za PVC zina klorini, na klorini inakula mirija ya boila. Ndiyo maana mitambo ya taka huendeshwa kwa mvuke wa nyuzi 400 hivi na shinikizo la ba 40. Mwenye kuahidi mvuke wa nyuzi 540 kwa taka ili umeme uonekane mwingi, muulize mirija atabadilisha baada ya miezi mingapi.

#16 Mama_Mboji_Likoni

Majivu je?

#17 Karani_wa_Leseni

Yapo ya aina mbili na yasichanganywe. Ya chini ya wavu ni robo hivi ya uzito wa taka: kwa tani 500, kati ya 100 na 150 kwa siku. Hayo yakitolewa vyuma na kukaa miezi kadhaa yanaweza kujazia barabara yakipimwa kwanza. Yapimwe pia mabaki ya kaboni, yasizidi asilimia 3, maana majivu meusi yenye vipande vya makaratasi ni dalili ya moto mbovu.

Ya vichujio ni asilimia 2 hadi 5, tani 10 hadi 25 kwa siku, na humo ndimo kila kilichozuiwa kupanda dohani kimejaa: dayoksini, risasi, kadimiamu, zebaki. Ni taka hatari. Yanataka magunia yaliyofungwa, hati ya kufuatilia kila safari, na shimo lenye tandiko lisilopitisha maji pamoja na mfumo wa kukusanya maji yanayochuja. Mwakirunge ni dampo la wazi. Ripoti ikisema majivu "yatatupwa sehemu iliyoidhinishwa" bila kutaja jina la sehemu, umbali na mkataba wa kuyapokea, basi sura hiyo haijaandikwa. Mimi hapo ningependekeza leseni isitolewe mpaka shimo liwepo, si liahidiwe.

#18 Hesabu_za_Kaunti

Nani alishafikiria tanuri la saruji badala ya mtambo mpya? Mombasa kuna tanuri la klinka (mawe yanayosagwa kuwa saruji) tayari.

#19 Dohani

Kwa taka kavu zilizochambuliwa, ndiyo, na kwa maoni yangu linatakiwa kuwa kwenye sura ya njia mbadala ya ripoti yoyote ya Mombasa. Klinka inapikwa nyuzi 1,450 na moto wenyewe unafika 2,000. Majivu yanaingia ndani ya saruji, kwa hiyo shimo halihitajiki. Lakini saruji nayo inachagua: unyevu chini ya asilimia 20, vipande vidogo, klorini chini ya asilimia 1, la sivyo njia za juu zinaziba kwa chumvi. Zebaki haishikwi na klinka, inapanda na moshi. Na leseni ya NEMA inatakiwa vile vile. Kabeji za Kongowea huko hazipokelewi, ni mboji tu.

#20 Mkaazi_Kisauni

Ahsanteni sana. La mwisho: leseni ikitoka na masharti dhaifu?

#21 Karani_wa_Leseni

Siku 60 kutoka siku ya uamuzi, rufaa kwa Mahakama Maalum ya Mazingira (National Environment Tribunal). Zisipite, hata kama bado mnazungumza na mwekezaji. Ombeni leseni pamoja na kiambatisho cha masharti, kwa sababu ukurasa wa mbele haukuonyeshi chochote. Rufaa itaje sharti kwa nambari yake na useme lisomeke vipi: "Sharti la 14 libadilishwe, vumbi lipimwe kwa oksijeni asilimia 11." Mtambo ukishaanza, EMCA inataka ukaguzi wa mazingira, na NEMA ina uwezo wa kusimamisha au kufuta leseni. Lakini hapo pesa zimeshamwagwa na mkataba wa taka umeshaanza kuhesabu, kwa hiyo kazi kubwa ifanyike sasa hivi ikiwa bado ni karatasi.

Na ukienda kuomba ripoti, omba viambatisho vyote. Vipimo vya unyevu wa taka huwa humo nyuma, kwenye jedwali dogo, na tarehe ya sampuli imeandikwa pembeni.